Benchi la Alhamisi

Mimi ni karani wa mizani, soko la dagaa, Mwaloni.
Gunia likipanda, naandika. Likishuka, naandika.
Miaka tisa sijakosea hata kilo moja.
Lakini kile kilichonikalia kifuani tangu masika
sikuujua uzito wake,
wala sikumwona wa kumwambia: hebu shika huku, tupime.

Shangazi alisema ni macho ya watu.
Mchungaji alisema funga siku tatu.
Nikafunga, na siku ya nne
lile wazo liliamka kabla yangu,
likanisubiri mlangoni kama mdai.
Shemeji alisema: Kabula, una kazi, una mtoto,
una bati juu ya kichwa, unataka nini tena?
Sikutaka kitu.
Hapo ndipo palipotisha.

Nikawa naishi kwa kalenda za wengine.
Milembe anamaliza mkopo Ijumaa, nisimtie msiba kabla.
Mtoto ana mtihani.
Mama anakuja na meli ya Ukerewe Jumapili, na mihogo yake.
Nikaahirisha, nikaahirisha,
na sasa najua kule kuahirisha
kulikuwa mkono wangu mwenyewe
umeshika upindo wa kitenge changu.

Aliyeona ni Nyamumwi, muuza uji,
mwanamke wa maneno machache na vikombe vya plastiki.
Alisema: siku hizi ukiandika namba unaitazama
kama jina la marehemu.
Kisha akauliza, hakuzunguka:
Unawaza kujiua?

Korongo walikuwa wanagombea utumbo wa sangara,
mashine ya barafu inanguruma, mtu analia bei,
na neno lile likatua katikati ya vikombe
na mbingu hazikupasuka.
Nikasema ndiyo.
Akafunika sufuria. Uji wa asubuhi nzima, akaufunika,
tukapanda mlima wa hospitali.

Dirisha la kwanza walitutuma la tatu.
La tatu walitutuma jengo la nyuma.
Mshauri wa kwanza alinihutubia nusu saa,
jicho moja kwenye simu yake.
Nilitoka nikasema basi, nimejaribu.
Nyamumwi akasema: kiatu kikikubana
huachi kutembea. Unabadili kiatu.

Wa pili ni binti, mdogo kuliko mdogo wangu,
Kokushubira, mtaalamu wa saikolojia, kucha fupi, sauti ya kawaida.
Hakuniambia nishukuru nilivyo navyo.
Aliuliza: linakuja saa ngapi?
Likija, linasema kwa sauti ya nani?
Nikamtajia saa. Sauti ilinichukua wiki tano.
Tukaandika karatasi: nikizidiwa usiku, nani wa kwanza kumpigia,
nani wa pili, nini kitoke chumbani kwangu
kikae kwa Milembe mpaka nitakaposema.
Niliikunja nikaiweka pamoja na risiti za ushuru,
mahali ambapo sipotezi kitu.

Sijapona kama anavyopona mwenye malaria.
Kuna asubuhi bado naliona limesimama pale mlangoni.
Ila sasa nalipima.
Juzi lilikuwa jepesi kuliko debe, nikalicheka, kisha nikalia,
nikaenda kazini na macho mekundu, nikasema ni moshi.
Nyamumwi hakuamini. Alinimiminia kikombe.

Leo Alhamisi. Benchi lile lile, rangi imebanduka.
Dirishani mawe yamepandana, nyumba zimepanda juu ya mawe,
na chini ziwa, limefunikwa nusu na magugu.
Kwenye ncha ya benchi ameketi kijana,
ovaroli ya gereji, grisi hadi kwenye viwiko,
anatazama mlango wa kutokea.
Sijui jina lake. Simuulizi.
Nasogea kidogo. Mwangaluka, namwambia.
Anaitika chini chini.
Kisha: dada, hii foleni mimi siiwezi,
mbele yangu wako watu sabini na ushee.

Natazama kikaratasi mkononi mwake.
Hii ndiyo kazi yangu, kaka, kusoma namba.
Umeishika juu chini.
Si tisini na moja. Ni kumi na sita.
Na kumi na nne wameshamwita.